Mashine Waliyoiita Deki

Nyanzala hajui kupayuka, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukimkanyaga, anayeomba samahani ni yeye. Tumekaa jirani hapa Makanyagio, mjini Mpanda, mimi na chipsi zangu, yeye na mumewe na kibanda chao cha gemu, ukuta mmoja katikati, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti isipokuwa anapomwita mtoto aje kula. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kazi. Alikulia machungani nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na mpaka leo akienda sokoni anatembea taratibu huku akiangalia kushoto na kulia, utadhani kuna ndama atakayempotea. Watu wengi wanamwona mjinga. Mimi nawaambia wanyamaze, maana hawamjui.

Mumewe aliitwa Manyanda. Alianza na bodaboda, baadaye akanunua PS2, ile mashine nyeusi ya gemu ya zamani, mtumba. Akaichomeka kwenye TV, akapanga mabenchi, kibanda kikajaa vijana. Walikuwa wanacheza mpira kwenye kioo: aliyefungwa anainuka, aliyeshinda anabaki kumngoja mwingine. Manyanda akiwa barabarani, msimamizi alikuwa Nyanzala. Yeye ndiye aliyewatenganisha waliotaka kuzichapa, na mwenye sare za shule wakati wa masomo alimgeuza mlangoni. Hakugombeza mtu. Alisimama tu mlangoni mpaka mtoto mwenyewe akaona aibu.

Kisha Manyanda akashikwa na homa, akalazwa, na hakutoka mzima.

Mimi ni Mfipa, wao ni Wasukuma, na sitaki mtu aseme nawasema. Dada yangu alipofiwa na mume kule kwetu Ufipa, mashemeji zake walibeba mpaka mlango wa jikoni. Kwa hiyo nilipowaona ndugu wa Manyanda baada ya mazishi wamekaa uani wanakagua vitu badala ya kumwangalia mjane, nilijua kinachokuja, na damu ikaanza kunichemka mapema. Aliyewaongoza alikuwa Malale, mdogo wake marehemu, mwenye kaduka huko upande wa Ugalla. Walichukua pikipiki. Wakachukua TV, sabufa na godoro kubwa. Nyanzala alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga ya msiba kichwani, anatazama vidole vyake vya miguu.

Chini ya meza ya TV kulikuwa na mashine yenyewe. Malale akachomoa waya, akaigeuzageuza.

"Hii nini?" akauliza.

"Si deki hiyo," akajibu mjomba wao mmoja. "Nani anaangalia sinema kwa deki siku hizi? Watu wanatumia flashi."

Malale akaisukuma kwa mguu, ikarudi chini ya meza. Kila alipokuja mjini aliwakuta vijana wameikodolea macho TV, kwa hiyo kichwani mwake gemu ilikuwa inakaa ndani ya TV. Hata pedi moja ya kuchezea aliibeba, akidhani ndiyo rimoti yake. Niliyaona yote kwa macho yangu. Nikafungua mdomo, Nyanzala akanikata jicho, nikaufunga.

Kabla hawajapanda gari, Malale akamgeukia.

"Shemeji, tutarudi siku ya kumaliza msiba. Tukikuta umekaa bure hapa mjini, Kashinje tunaondoka naye. Mtoto wa ukoo hawezi kulelewa na mtu asiye na kazi. Sisi ng'ombe tulitoa."

Kashinje ni binti yao, mtoto wao wa pekee, yuko darasa la tano, na hesabu anazipiga mpaka mwalimu wake anakuja kuniambia mimi muuza chipsi. Huko kwa Malale kuna watoto wadogo wa kubeba mgongoni, kuna duka la kufagia, na shule iko mbali kiasi kwamba watoto wengi huiacha tu. Nia yao ilikuwa wazi. Walitaka mfanyakazi, na wakamwita mtoto wa ukoo.

Gari lilipoondoka nikamvaa Nyanzala. Nikamwambia twende ustawi wa jamii kesho asubuhi, twende mahakamani, twende popote, mimi mwenyewe nitafunga biashara nimsindikize.

"Mama Edgar," akaniambia, "nikiwapeleka huko nitashinda. Halafu siku Kashinje anaolewa, nani atakaa upande wa baba yake?"

Nilitamani kumzaba kibao. Mtu kaachiwa kuta tupu, anawaza sherehe ya mtoto wa darasa la tano! Nikamwambia basi akae hivyohivyo, wakija wamkute. Aliingia kibandani, akapiga magoti, akaitoa mashine chini ya meza na kuifuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Hii ikiwaka," akasema, "nina kazi."

Shida ilikuwa kioo. TV nyingine hakuwa na uwezo nayo. Aliyetutoa ni Dafrosa wa Kawajense, aliyewahi kuwa na steshenari kabla hajaifunga. Alikuja kutoa pole kwa kuchelewa, maana wakati wa msiba alikuwa safarini, na badala ya bahasha ya rambirambi akaja na kioo cha kompyuta amekikumbatia kwenye bodaboda. Kompyuta yake ilikufa zamani, kioo kikabaki kizima. Tukakiweka mezani, tukakigeuza, na furaha ikatuishia hapohapo. Waya wa PS2 una vichwa vitatu: cha njano cha picha, chekundu na cheupe vya sauti. Nyuma ya kioo kulikuwa na tundu moja tu pana la bluu, lenye vitundu vidogo na sehemu za skrubu pembeni. Hapakuwa na njano, wala nyekundu, wala nyeupe. Nyanzala alipitisha kidole nyuma yote ya kioo, juu mpaka chini, kama vile kuna tundu lililojificha.

Tukaenda madukani. Kijana mmoja muuza vifaa vya simu akatutolea waya wenye yale matatu upande mmoja na kichwa cha bluu upande mwingine.

"Hii mama unachomeka tu, inapiga kazi," akasema, hata hakututazama.

Tukanunua, tukarudi, tukachomeka. Vichwa vyote viliingia vizuri, na ndiyo maana tuliamini. Taa ya mashine ikawaka kijani. Kioo kikabaki cheusi, na kijisanduku chenye maneno ya Kiingereza kikawa kinaelea huku na huku. Kashinje akatusomea kwamba kioo kinasema hakijaletewa kitu. Tukachomoa, tukachomeka tena. Tukapuliza vumbi. Kijisanduku kikaendelea kuelea.

Nikarudi na ule waya dukani mwenyewe, maana nilijua Nyanzala angeishia kusema asante. Yule kijana akaninyooshea kidole ukutani, palipobandikwa karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi.

"Karatasi hiyo umeiandika wewe," nikamwambia. "Ulisema inapiga kazi. Ulijua haipigi?"

"Mama, mimi nauza waya. Waya si umechomeka ukaingia?"

Nilimpasha mpaka watu wakasimama barabarani. Nilimwambia kwamba aliyemwuzia ni mjane, na kwamba kuingia tundu hata msumari unaingia. Akavaa hedifoni. Akavaa hedifoni, mimi naongea! Niliutupa ule waya juu ya kaunta yake nikaondoka, na mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Aliyetupa jibu la kueleweka ni Ponsian, fundi redio. Alituambia yule kijana pengine hata hajui alichouza, kwa sababu waya ule upo na unauzwa, ila una mashine nyingine unazozifaa. PS2 inatoa picha kwa namna yake, kioo cha kompyuta kinapokea kwa namna nyingine, na waya mtupu haubadilishi kitu. Kinatakiwa kisanduku cha kati chenye umeme wake, kipokee njano kitoe bluu. Hapa Mpanda hakikuwepo. Akampigia mwenzake wa Tabora, na kikaletwa na basi, kimefungwa kwenye soksi.

Siku hiyo kibanda kilikuwa na watu watatu tu: Ponsian, Nyanzala na mimi, tena mimi nilikuwa nimeacha viazi vinaungua. Ponsian akachomeka njano kwenye kisanduku, bluu kwenye kioo, akawasha. Kioo kikasema tena Kiingereza chake. Nikaanza kutukana. Ponsian akanyoosha mkono ninyamaze, akawa anabonyeza kitufe kilichoko juu ya kisanduku, maana picha ilikuwa inakuja kwa kipimo ambacho kioo hakikipendi. Akabonyeza tena, na tena. Ghafla kiwanja kikatokea, majani yake ya kijani, na wachezaji wamesimama mstari mmoja kabla ya mpira kuanza.

Hakukuwa na sauti. Kioo cha kompyuta hakina spika, na sabufa ilikuwa Ugalla. Nikaenda kung'oa sabufa yangu, ile inayowaita wateja wa chipsi jioni, nikawaletea. Nyekundu na nyeupe zikachomekwa humo, na kelele za mashabiki zikajaa kibanda. Nyanzala aliziba mdomo kwa kiganja. Nilifanya biashara bila muziki kwa kipindi kizima kilichofuata, na wateja walinisema sana, na niliwajibu wote vibaya.

Vijana walirudi. Ponsian akaongeza pedi kuukuu badala ya ile iliyobebwa. Kioo kilikuwa kidogo kuliko TV, kwa hiyo walikaa karibu, wamebanana, na waliofungwa waliinuka wakilalamika kama zamani. Nyanzala alisimama mlangoni mwake. Kashinje aliendelea kwenda shule, viatu vimepakwa rangi, na akirudi alifanyia hesabu zake kwenye benchi langu, kwa sababu mama yake hakumruhusu kukaa kibandani.

Habari za Malale huko Ugalla tuliletewa na Ezekia, dereva wa bodaboda anayebeba asali kutoka kule. Alicheka mpaka akashindwa kushuka kwenye pikipiki. Malale alikuwa amejenga banda, ametangaza kwa spika kijiji kizima kwamba gemu ya mjini imefika. Vijana wakaja, wakajaa mabenchi. TV ikawashwa, ikaonyesha bluu tupu. Malale akasimama mbele yao na ile pedi, waya wake unaning'inia hewani, anabonyeza kwa vidole vyote kama anayekamua ng'ombe.

Simu ya Malale ikaja kabla Ezekia hajamaliza kusimulia. Nyanzala akaweka sauti ya juu.

"Shemeji, hii gemu mliifunga?"

"Kuifunga vipi, shemeji?"

"Kwa namba ya siri. Nipe namba."

"Haina namba, shemeji."

"Usinichezee akili! Kijiji kizima kinanicheka. Nimebonyeza hii rimoti mpaka kidole kimevimba."

Nilikimbilia nyuma ya jiko langu, aproni mdomoni, machozi yananitoka kwa kicheko. Lakini sauti ile ikaendelea, na kicheko kikanikauka.

"Sawa. Umeamua kuniaibisha mbele ya watu. Nilisema nikikukuta huna kazi. Sasa hata uwe na kazi ya serikali, mtoto naondoka naye. Mwambie afungashe nguo."

Akakata. Nikamwuliza Nyanzala kwa nini hakumwambia ukweli, mshenzi yule ajue kwamba alichokisukuma kwa mguu ndicho alichokuwa anakitafuta.

"Angekuja kesho kuichukua," akasema. "Mimi nataka wazee waikute inawaka."

Siku ya kumaliza msiba walikuja na gari lilelile. Mkubwa wao alikuwa mzee Methusela, baba mkubwa wa marehemu, ambaye msibani hakuwepo kwa sababu ya ugonjwa. Nilimpenda nilipomwona. Alimsalimia Nyanzala kwa kumshika mikono yote miwili, akamwita mayu, yaani mama, akauliza anakula nini, mtoto anasoma wapi. Nyanzala akampeleka mpaka mlango wa kibanda. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kikao kikakaa uani. Mimi nilikaanga viazi upande wa pili wa ukuta, na ukuta wetu ni mfupi.

"Nimeona," mzee akasema. "Mama huyu anajitegemea. Sioni sababu ya kumhamisha mtoto shule."

"Anajitegemea kwa mali ya nani?" Malale akasimama. Alikuwa amechungulia kibandani na yeye, na ameona waya zinakotoka. "Ile deki ni ya kaka! Gemu iko kwenye ile deki! Amenificha, ameniacha nahangaika na TV tupu mbele za watu."

Wakabishana. Mjomba aliyesema deki haina kazi akasema sasa kwamba yeye siku zote aliitilia mashaka. Mzee Methusela akawaacha waseme, kisha akainua mkono.

"Mayu, ukoo hautaki ugomvi," akasema kwa upole, kama mtu anayegawa nyama. "Malale ndiye mdogo wa marehemu. Mali ya kaka yake ni haki yake. Na mtoto ni wa kaka yake. Hatuwezi kukuachia vyote viwili huku mjini. Chagua wewe mwenyewe. Ukibaki na mashine, mtoto ataenda kwa baba yake mdogo. Ukibaki na mtoto, mashine iende."

Na wote wakaguna kukubali. Wakaona ni haki! Nilizunguka ukuta na mwiko mkononi unadondosha mafuta.

"Nyie watu mna akili?" nikapiga kelele. "Mtoto mnampima na deki? Mlishabeba kila kitu, mkabeba mpaka godoro alilolalia mgonjwa, bado hamjashiba?"

"Mama wa chipsi," mjomba akanijibu, "hiki ni kikao cha ukoo. Rudi kwenye mafuta yako."

Ningemfikia. Nasema kweli, ningemfikia na ule mwiko, ila Nyanzala alikuwa ameshainuka na kupita mbele yangu. Hakungoja mtu amalize. Aliingia kibandani, na nikasikia vijana wote wakipiga ukelele mmoja, maana alizima katikati ya mechi.

Akatoka na mashine kwenye katoni ya sabuni, pedi zimepangwa vizuri, waya zimeviringishwa. Malale akanyoosha mikono. Nyanzala hakuiachia. Akamgeukia mzee.

"Baba, sema wasikie wote."

"Niseme nini, mayu?"

"Mtoto."

Mzee akaangalia chini, akaangalia watu wake. "Kashinje anabaki kwa mama yake," akasema. "Hakuna atakayekuja kumdai tena."

"Na wewe, shemeji."

Malale alikuwa anaitazama katoni. "Anabaki," akasema haraka.

Hapo ndipo Nyanzala akaiachia. Na ingeishia hapo ningevumilia, lakini akakaa chini palepale kwenye udongo, akafungua katoni, akamtolea Malale ule waya wenye vichwa vitatu, akamwelekeza kimoja kimoja.

"Njano kwa njano, shemeji. TV yako ina tundu la njano pembeni. Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Halafu kwenye rimoti, ile ya TV, si hii, unabonyeza mpaka iandike AV. Rudia nikuone."

Akarudia. Akamkosoa, akarudia tena. Aliposhika barabara, akamfungia katoni kwa kamba.

Walipoondoka nilimlipukia. Nilimwambia amewapa kila kitu, mpaka maarifa amewapa, kwamba tumehangaika na mawaya na masanduku na mabasi ya Tabora ili yule mpumbavu akafungue banda, kwamba angalau angemwacha ahangaike na bluu yake mpaka azeeke. Nililia kwa hasira, mimi, mwiko bado mkononi. Nyanzala alingoja nimalize.

"Nataka iwake, mama Edgar," akasema. "Isipowaka, atarudi."

Kibandani vijana walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wanatuangalia kwa kuibia, na kioo cha Dafrosa kilikuwa mezani kimewaka, hakina kitu. Nyanzala akaenda kukizima. Akatoa benchi moja nje, akakaa, akavuta ndoo yangu ya viazi, akaanza kumenya bila kuniuliza.

Kashinje alitokea nyuma ya nyumba ya jirani, alikokuwa ameambiwa akae mpaka aitwe. Alikuwa amevaa gauni la safari na mkononi ana mfuko wa nguo, umefungwa fundo. Hakuna aliyemwambia afungashe; simu ya baba yake mdogo aliisikia mwenyewe. Akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, kesho naenda shule?"

"Unaenda," Nyanzala akasema. "Kavue hilo gauni, uje unisaidie."